Waliolimiana Kalkulasi

Tryphena Wakesho aliingia chuo cha walimu mwaka wa sabini na tatu akiwa na nia moja tu, na hakuona haja ya kuificha: alitaka kufundisha hesabu. Si kupika, si kushona. Hesabu. Kwao Wusi, huko milimani, watu walicheka, maana wasichana waliosomea ualimu siku hizo walirudi kuwafundisha watoto kufuma vitambaa vya meza. Mkuu wa chuo naye alimwambia wazi kwamba akianguka kalkulasi atahamishiwa huko huko kwenye sindano. Tryphena aliitikia kwa adabu. Moyoni alisema sindano hiyo itamngoja sana.

Chuo kilikuwa nje kidogo ya Voi, mahali ambapo joto la saa nne asubuhi humfanya mtu wa milimani ajiulize alimkosea nani. Siku ya kwanza Mwalimu Kilonzo aliingia darasani viatu vikimetameta, akasoma sheria zake kama karani wa mahakama. Kengele ikilia mlango unafungwa, na aliye nje abaki huko huko. Asaimenti ni Ijumaa asubuhi. Anayeleta jioni atafute mwalimu mwingine wa kuisahihisha. Jibu lisiloonyesha njia halina maksi hata likiwa sahihi. Na mtu akileta kazi ya mwenzake kama yake, anapata sifuri. Akipata mbili, mtihani haufanyi. Kisha akauliza kama kuna swali, kwa sauti iliyoonyesha kwamba halitakiwi.

Tryphena alizipenda zile sheria. Alimpenda mtu anayesema anachotaka badala ya kukuacha ubahatishe.

Asaimenti ya kwanza ilikuwa na maswali matano, yote magumu. Yeye na wenzake wanne wa milimani, akiwemo Fanuel wa Ronge, waliyatazama kwa muda, wakafanya kile ambacho kila mtu wa kwao hufanya akiona shamba limemzidi mikono. Kwao leo mnalima kwangu, kesho kwako, mpaka mashamba yote yanakwisha, na hakuna anayeitwa mvivu. Kwa hiyo kila mmoja alichukua swali lake, akapambana nalo mpaka likakubali, halafu wakanakiliana. Wizi hawakuuona hapo, na mimi ningekuwepo nisingeuona pia. Walilala usingizi mtamu.

Jumatatu Mwalimu Kilonzo akarudisha madaftari na, ajabu, akamsifu mtu. Alisema swali la tatu la Tryphena ni kazi safi, na wengine waige. Tryphena akaona haya. Sifa ya mwenzako huwezi kuila mbele yake ukanyamaza. Akasimama, akaeleza kwa heshima zote kwamba hilo la tatu ni la Fanuel, lake yeye ni la kwanza. La pili ni la huyu, la nne ni la yule, na la tano la yule pale dirishani. Aliwaonyesha mmoja mmoja, nao wakainamisha vichwa kwa unyenyekevu, kama watu wanaoshukuriwa harusini.

Darasa likaangua kicheko. Kilonzo hakucheka. Alitangaza sifuri tano, akafungua kitabu kuendelea na somo. Tryphena aliona sindano, aliona uzi, aliona vitambaa vya meza maisha yake yote. Woga ukampa ulimi.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Sisi hatukuiba. Tulilimiana. Kwani huko Ukambani hamlimiani?"

Kilonzo akavua miwani taratibu. "Tunalimiana. Tunaita mwethya. Lakini siku watu wanalima kwa mama yangu, mama mwenyewe yuko hapo hapo na jembe lake. Sasa Fanuel alipokuwa akilima swali la tatu, wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafua nguo, Mwalimu."

Safari hii hata Kilonzo mdomo ulimcheza. Akafikiri kidogo, kisha akatoa sheria mpya hapo hapo. Kuanzia leo walimiane wapendavyo, ila kila mmoja atakuja ubaoni na swali ambalo si lake. Wenzake wataruhusiwa kumwuliza, si kumjibia. Akiliweza, sifuri inafutwa. Akishindwa, inabaki. Na aanze huyu mwenye maneno.

Tryphena akashika chaki. Swali lilikuwa lile la tatu, la mfugaji mwenye waya wa mita mia moja, anayetaka kuzungushia boma lenye ukuta tayari upande mmoja: upana uwe mita ngapi ili boma liwe kubwa kabisa? Akaandika upana, akaandika urefu, akavizidisha apate eneo, akakwama. Jasho likamtiririka mgongoni.

Ndipo Fanuel akanyoosha mkono. "Nina swali. Kwenu Wusi, ukifika kileleni kabisa, bado unapanda?"

Tryphena alimtazama, kisha akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyeokota kitu chake. Kileleni hupandi wala hushuki. Mteremko pale ni sifuri. Akatafuta mteremko wa lile eneo, akaufanya sifuri, na ishirini na tano ikatoka yenyewe kama iliyokuwa ikimngoja. Hakuishia hapo. Furaha ilimzidi, akawageukia wenzake akawaeleza kwa nini waya ukiongezwa kwenye upana unapungua kwenye urefu, akichora vilima ubao mzima, akisahau kabisa kwamba alikuwa akihukumiwa.

Mwalimu Kilonzo alikuwa amekwenda kukaa nyuma, kwenye dawati tupu, magoti yamebanwa. Kama kweli kuna mahali hakuelewa au alijifanya, hakuna aliyejua. Alinyoosha mkono.

"Rudia hapo kwenye mteremko, Mwalimu."

Tryphena aligeuka kutazama mlangoni, aone ni mwalimu gani aliyeingia. Hakukuwa na mtu. Akafuta mstari wa mwisho, akaanza kumfundisha.