Samaki Asiyeliwa

Nilipokuwa Taiwan, mzee aliyenikaribisha alinionyesha bwawa lake la samaki wekundu kwa weupe. Mimi, mtoto wa Kibiti, nikauliza wanapikwa kwa nazi au wanakaangwa. Mkewe akaziba mdomo. Mzee akatumbukiza mkono majini, samaki mmoja akaja kumnyonya vidole.

“Huyu alimjua marehemu baba yangu,” akasema.

Ufugaji huo wa kuburudisha macho waliupata kwa Wajapani waliowatawala. Watawala wakaondoka, wenyeji wakaupenda hadi ukawa wao. Nilirudi nyumbani nikiwahusudu, na aibu yangu mfukoni.

Juzi nikapita Mohoro kwa mama mmoja anayefuga perege. Alipotia majini kiganja chenye pumba, perege mkubwa kuliko wote akaja kula humohumo.

“Nipimie huyo, mama.”

“Huyo hauzwi. Mafuriko yalizoa wenzake wote, akabaki yeye.”

Ili ajue namwelewa, nikamsimulia ya Taiwan yote, mpaka vidole kunyonywa. Alinisikiliza huku akikung'uta pumba mikononi.

“Kumbe ulishaambiwa tangu huko, baba,” akasema. “Samaki wa kula wako gulioni.”