Vitambaa vya Serafina

Katika kigango chetu, si mbali na Ushirombo, Valerian ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kanisani. Alikuwa mkulima wa pamba, mpana wa mabega, na watu wa vigango vya jirani walikuwa wakimwomba aende kuwaimbishia harusi zao. Mwaka 1973, akiwa na miaka thelathini na sita, tumbo lilimvimba siku mbili mfululizo mpaka likawa gumu kama ngoma. Walimpakia kwenye lori la pamba wakamkimbiza hospitali ya misheni. Daktari akakuta utumbo umejisokota na sehemu yake imeshaoza. Akaikata ile sehemu, na ncha iliyobaki akaitoa nje, ubavu wa kushoto wa tumbo. Tangu siku hiyo choo cha Valerian kilipita hapo.

Alirudi nyumbani na mifuko sita ya mpira ya kukingia choo, pamoja na agizo moja: baada ya miezi sita arudi, waangalie kama utumbo unaweza kuunganishwa. Hakurudi. Alisema kisu kimoja kinamtosha.

Siku ya nne alichukua mkeka na blanketi akahamia kwenye kibanda cha kuwekea pamba, nyuma ya nyumba. Mke wake, Serafina, akamfuata.

"Baba Anisia, huku umekuja kufanya nini?"

"Nitalala huku. Watoto wavute harufu hii kwa kosa gani?"

"Watoto hawajalalamika."

"Watalalamika."

Jumapili moja alijaribu kurudi kanisani. Padri alipoinua hostia na watu wote wakanyamaza, tumbo la Valerian likatoa sauti, na mtu mmoja benchi la nyuma akashindwa kuzuia kicheko. Hakumaliza misa. Kwaya ikapata mwimbishaji mwingine.

Ile mifuko ya mpira ilipasuka mmoja baada ya mwingine. Serafina akashona mkanda wa kaniki wa kufunga kiunoni, akakata kibuyu kidogo nusu ili kikae juu ya tundu, na ndani yake akaweka vitambaa vilivyokunjwa. Lakini choo kilivuja pembeni, ngozi ikachubuka ikawa nyekundu kama nyama mbichi. Ndipo Serafina alipokwenda kwa Maganga, mganga wa miti shamba wa kijiji cha pili. Alitegemea kupewa dawa ya kumaliza kila kitu.

"Tundu lililofunguliwa na kisu mimi siwezi kulifunga," Maganga alimwambia. "Atakayekuambia anaweza, mkimbie. Mimi nitakusaidia ngozi tu."

Akamwelekeza amsafishe kwa maji ya uvuguvugu, amkaushe vizuri, kisha apake asali safi palipochubuka. Baada ya wiki mbili ngozi ilianza kujifunga. Mengine Serafina aliyagundua mwenyewe kwa kuangalia. Aliona kwamba maharage na viazi vitamu vinamjaza mumewe gesi, hata viazi vikiwa vimekaushwa kuwa michembe, na kwamba uji wa mtama wenye unga wa ubuyu unamtuliza tumbo. Aliona pia kwamba akila saa zilezile kila siku, tumbo hujisafisha asubuhi, na anaweza kulima mpaka mchana bila wasiwasi.

Harufu ndiyo ilimsumbua Valerian kuliko yote. Serafina alikumbuka jinsi wafugaji wanavyofukiza vibuyu vya maziwa. Akawa anafua vitambaa, anavianika juani, kisha anavifukiza kwa moshi wa vipande vya mti wenye harufu nzuri. Mara ya kwanza alipompelekea, Valerian alivinusa akavitupa chini.

"Kwa hiyo nanuka."

"Sikusema hivyo."

"Mtu hafukizi kitu kisichonuka."

Serafina aliviokota kimoja kimoja. "Nimelea watoto watano," alisema. "Baba yangu alifia mikononi mwangu akiwa hajiwezi kwa lolote. Unadhani choo ndicho kitanitisha? Mimi kinachonitisha ni kula peke yangu, na mume wangu yupo hatua ishirini."

Valerian alivipokea mkononi mwake. Akavitumia.

Mwaka 1976 alikwenda gulioni Segese bila kuaga. Huko mchuuzi mmoja alimuuzia unga wa mizizi, akamwapia kwamba tundu litajifunga lenyewe. Aliunywa wote. Akaharisha siku mbili, macho yakazama, midomo ikakauka. Serafina alihamia kibandani, akawa anamnywesha uji mwepesi wenye chumvi na sukari kijiko kwa kijiko, na siku ya tatu akamfunga kwenye baiskeli, yeye na watoto wakamsukuma mpaka zahanati, akawekewa maji kwenye mshipa. Akapona.

"Nitarudi ndani," alimwambia mkewe walipotoka huko. "Tukishauza pamba."

Pamba iliuzwa. Akasema wasubiri mvua zipite. Mvua zikapita. Vita vya Uganda vilipokwisha, nguo ziliadimika kabisa kwenye duka la ushirika, na asubuhi moja Valerian akaona vitambaa vipya vya maua ya bluu. Alikijua kitenge kile; ndicho Serafina alichokuwa akivaa kanisani. Akajifunga vitambaa vile, akaenda shambani.

Machi 1982 Serafina alishikwa na homa Jumatatu. Alhamisi akafa zahanati, wakamrudisha nyumbani. Walipomtuma Valerian chumbani kuchukua shuka la kumfunikia, aliingia humo kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa. Godoro la pamba lilikuwa limebonyea upande mmoja tu. Wanawake waliokuwa wakisubiri nje walimsikia akilia, mpaka Anisia, binti yake mkubwa, akaingia kulichukua lile shuka mwenyewe.

Miaka minne baadaye alikuja kwake mchimba dhahabu kutoka Geita, jina lake Donatus. Kifusi kilimwangukia shimoni, akapasuliwa na kutolewa utumbo nje kama Valerian. Alifuatana na mke wake, Apolonia. Valerian aliwaonyesha kila kitu: mkanda, asali, uji wa mtama, namna ya kufukiza. Alimsisitizia Donatus asiikose tarehe ya kurudi kwa daktari, na asinunue dawa ya kunywa gulioni.

Wakati wa kuondoka Apolonia alibaki nyuma kidogo.

"Mzee, na mama aliyekuwa anakufanyia haya yote," aliuliza, "yeye alikuwa anafanyaje asichoke?"

"Sijui, binti yangu," Valerian alisema. "Sikuwahi kumuuliza."