Tairi Ndani ya Tairi

Nianze na kosa langu, msomaji asije akanihurumia mapema. Tairi la nyuma la pikipiki yangu lilipopasuka na kumvunja mama yangu mkono, nilijua kilicholipasua. Nilijua kabla vumbi halijatulia. Na bado nilikwenda Kiomboi kumpiga mtu aliyeniuzia tairi hilo.

Wakati huo nilikuwa naendesha bodaboda kati ya Kinampanda na Kiomboi, na ndiyo kazi iliyotulisha mimi na mama tangu baba alipofariki. Tairi la nyuma lilikuwa limekuwa kipara. Ikinyesha mvua kidogo tu, pikipiki inayumba kama mlevi atokaye kilabuni. Nikaenda Singida mjini, kwenye duka la vipuri la mzee mmoja wa Kihindi, nikaonyeshwa tairi jipya lenye meno marefu na harufu nzuri ya mpira. Nikaulizia bei. Nikalirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto wa mwenzie. Mzee hakunicheka, akaniambia kwa upole kwamba kama mfuko hauruhusu, tairi la mtumba lililotunzwa ni bora kuliko jipya la hovyo. Nikamshukuru na kurudi kwetu Iramba na kipara changu.

Fundi aliyeniuzia tairi alikuwa na banda la mabati karibu na stendi ya Kiomboi. Ni mtu mzima, rika la marehemu baba, na sikumbuki siku hata moja niliyopita mbele yake bila kumpa shikamoo. Alikuwa na matairi ya mtumba yaliyotoka kwenye pikipiki za watu wanaobadilisha mapema. Siku ile alinichagulia moja, na kabla hajalifunga alinifundisha kulikagua. Alilikunja pembeni nione kama lina nyufa. Alinionyesha tarakimu nne ubavuni zinazotaja wiki na mwaka lilipotengenezwa. Akanishika kidole gumba akanipitishia ndani, nisikie kama kuna nyuzi zilizokatika. Lilikuwa zima, na nilimudu bei yake.

"Ila usilivishe kitu ndani, mwanangu," akasema huku akipaka maji ya sabuni. "Tairi hili linajitosha."

Alijua anaongea na nani. Sisi tunaokwenda vijijini tuna adui anayeitwa mwiba wa mgunga, mweupe, mrefu kama sindano ya kushonea magunia, na unapenya tairi lolote. Kwa hiyo tunachukua tairi kuukuu, tunakata kingo zake zenye waya, halafu ule mkanda unaobaki tunauvisha ndani ya tairi zima, tyubu inakaa juu yake. Mwiba ukija unakutana na ukuta wa pili. Mafundi wanakataa kuifanya kazi hiyo, kwa hiyo kila mtu anaifanya kwake. Sharti ni moja: kingo za mkanda ule zichongwe kwa kisu hadi ziwe nyembamba kabisa. Zikiachwa nene zinaisugua tyubu kila gurudumu linapozunguka, polepole, mpaka siku itakapochoka.

Mimi nilifanya kazi hiyo uani, mama akinishikia rimu. Nilikuwa na abiria anapiga simu kila dakika, nami sina subira hata ya kungoja chai ipoe. Upande mmoja niliuchonga vizuri, wa pili nikaulipua. Mama akapitisha kidole ukingoni.

"Hapa panakata," akasema.

"Mama, mpira haukati mpira," nikamjibu, nikajaza upepo.

Wiki mbili baadaye nilimpakia mama tukiteremka kuelekea Kiomboi asubuhi, anakwenda kumwona dada yake. Tyubu ilipasuka kwenye mteremko. Mlio wake ulikuwa wa bunduki. Pikipiki ikatupa makalio kushoto, nikaing'ang'ania, ikanitoka, na kitu kilichofuata ni kokoto zinanichuna mgongo. Nilipoinua kichwa nikamwona mama amekaa katikati ya barabara, khanga imemtoka kichwani, mkono wake wa kulia umekunjika mahali ambapo mkono haukunjiki. Mfupa ulikuwa nje. Ulikuwa mweupe sana, na damu ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kutafuta njia.

Hakulia. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, ni kile kipande."

"Nyamaza mama!" Nilimpigia kelele, mama yangu mzazi, mkono wake ukiwa vile. "Ni yule fundi. Kaniuzia takataka."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Jibu langu ni hili, na si zuri: nisingeweza kuutazama mfupa ule na kusema ni mimi. Nilihitaji mtu mwingine awe ndiye, na nilimhitaji pale pale. Nilipokwisha kumtaja nikajisikia nafuu, kama mtu aliyetua mzigo.

Mwalimu mmoja aliyekuwa akipita na gari dogo akampeleka mama hospitalini Kiomboi. Mimi nikasema nitafuata. Nikapata pickup ya magunia ya alizeti, tukapakia pikipiki, na njia nzima nilikuwa nikijichochea. Nilijiambia fundi ni mwizi. Nilijiambia alijua. Tulipofika Kiomboi nilikuwa nimekwisha kuamini.

Niliishusha pikipiki mbele ya banda lake, nikabonyeza honi na sikuiachia. Kwetu honi ndefu namna ile ina maana moja: mwenzenu amedhulumiwa, njooni. Hakuna anayeuliza nani kafanya nini. Huo ndio utaratibu wetu, nami nimewahi kukimbilia honi za wengine na kurusha mateke bila kujua ninampiga nani. Waliacha abiria wao, wakaja ishirini na zaidi.

Fundi alitoka bandani akijifuta mikono. Aliponiona, kwa mazoea ya miaka, mdomo wake ulijibu kabla sijasema neno.

"Marahaba, mwanangu."

Nikampiga na helmeti. Nilikuwa nimeishika kwa kamba zake, nikaizungusha kwa nguvu zangu zote, ikampata jicho la kushoto. Nilisikia kitu kimepasuka na sikujua ni helmeti au ni yeye. Jicho lile hadi leo halioni.

Alipoanguka wenzangu walimvamia. Mmoja alimkanyaga vidole. Mwingine alichukua mnyororo kwenye ukuta wa banda na kumchapa nao mgongoni, shati likachanika, halafu ngozi. Mimi nilikuwa napiga teke na kusema, napiga teke na kusema: "Kamuua mama yangu! Kamuua mama yangu!" Mama alikuwa hai hospitalini. Kila niliposema hivyo mateke yaliongezeka, na nikaendelea kusema.

Fundi alikuwa na neno moja tu. "Lifungueni," alisema, mdomo umejaa damu. "Lifungueni tairi muone. Lifungueni."

"Hakuna kufungua!" nikasema.

Hapo ndipo mmoja wetu, aliyekuwa amekwisha kuchota petroli kwenye chupa ya maji, akatoa wazo lake. "Achomwe na tairi lake mwenyewe," akasema. "Mvisheni shingoni." Watu wakashangilia. Lakini tairi lilikuwa bado kwenye rimu, na hakuna kati yetu aliyetaka kuchafua mikono. Basi wakamwinua fundi, wakamkalisha kwenye kigoda chake, wakamtupia vyuma vyake vya kubandulia tairi. Alitoe mwenyewe.

Yule mzee alifanya kazi ile. Jicho moja limefunga kwa uvimbe na damu inamdondokea kwenye magoti, vidole viwili havikunjiki, lakini alilegeza nati, akalitoa gurudumu, akalilaza chini. Alichovya kitambaa kwenye maji ya sabuni akapaka ukingoni kama siku zote. Akaingiza chuma cha kwanza.

Nilikuwa na muda wa kutosha. Kila aliposogeza chuma hatua moja, ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Sentensi yenyewe ilikuwa fupi: nimevisha kipande ndani, ukingo sikuuchonga. Nilikuwa nayo mdomoni. Nilimtazama yule mwenye chupa ya petroli, nikawatazama wenzangu ninaokula nao kila siku, nikaogopa kuonekana mpumbavu. Sikuogopa mtu kufa. Niliogopa kuchekwa kijiweni. Nilinyamaza, nikatumaini kwamba kipande kitang'ang'ania ndani na hakuna atakayekiona.

Tairi likatoka. Kipande kikaanguka miguuni pa watu.

Fundi alikiokota. Akakigeuza, akatafuta ukingo, akauinua juu ili wauone, mnene kama kidole. Kisha akaitoa tyubu na kuinyoosha. Ilikuwa na mkwaruzo mrefu ulionyooka kufuata ukingo ule, na mwisho wa mkwaruzo ule ndipo ilipopasukia. Hakuna dereva pale aliyehitaji kuelezwa, kwa maana wote wamevisha vipande, na wote wanajua fundi havishi.

"Nani kaweka hiki?" akauliza mwenye petroli. Alikuwa ananiangalia mimi.

"Mimi," nikasema. Lilitoka kirahisi, sasa halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Ngumi ya kwanza ilining'oa jino. Sikuhesabu zilizofuata. Walinipiga kwa hasira zaidi kuliko walivyompiga yeye, kwa sababu nilikuwa nimewafanya wamwage damu ya bure, na mtu aliyekosea pamoja na wewe ni rahisi kumchukia. Nililala chini, mtu akanikalia miguu, na tairi likashuka kichwani hadi shingoni, limelowa sabuni, la baridi. Petroli ikanimwagikia kifuani. Nilijikojolea. Niliita mama.

"Litoeni," akasema fundi.

Hawakumsikia. Akasimama, akayumba, akapita katikati yao kwa kushika mabega ya watu. Akainama, akalishika tairi kwa vile vidole vyake akalivuta, likanikwama masikioni, akalivuta tena hadi likatoka.

"Hamtamchoma mtu mlangoni kwangu," akasema. "Tafuteni usafiri, nipelekeni hospitali. Jicho hili sioni."

Waliojaa hasira dakika moja kabla wakaanza kugombania nani atambeba. Mmoja akamwita baba. Mimi hakuna aliyenigusa tena. Niliinuka nikatembea kwa miguu hadi hospitalini, nanuka petroli na mkojo, na watu njiani wakavuka upande wa pili.

Mama alikuwa kwenye benchi la nje, mkono umefungwa kwa vibao akisubiri kupelekwa ndani. Kumbe benchi lile lile ndilo walilomkalisha fundi walipomshusha. Alikuwa amekwisha kuingizwa, lakini mahali alipokuwa amekaa palikuwa na damu, bado mbichi, shibiri moja kutoka alipokaa mama. Walikuwa wamekaa pale pamoja muda nisioujua.

Nilitaka kueleza. Nikaanza na lile jino, nikaanza na petroli, nikaanza na jinsi walivyonifanya. Mama alinisikiliza kidogo, halafu akainua mkono wake mzima.

"Nimekwisha kumwambia," akasema. "Nimemwambia nilishika rimu, na kidole changu kilisikia ukingo, nami nikasema mara moja tu kisha nikanyamaza. Nimemwomba radhi. Hiyo ni yangu. Ya kwako kaombe mwenyewe."

Nikasimama. Nikaenda hadi kwenye mlango wa chumba alichoingizwa, ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Ndani walikuwa wanamsafisha jicho na alikuwa akiguna, mguno mfupi kila pamba ilipogusa. Nilishika kitasa. Nikasikiliza miguno kama mitano hivi, nikaachia kitasa, nikarudi kukaa kwenye benchi, upande usio na damu.

Mama alinitazama usoni. Kisha akakusanya khanga yake kwa mkono mmoja, akasogea hadi mwisho wa benchi, upande ule wenye damu.