Ukuta Uliosubiri Mvua

Nilimchukua Atiya, fundi madirisha wa Aleksandria aliyeitwa Usta kwa heshima ya ufundi wake, kwa sababu wenzake walitaka malipo zaidi. Alipomaliza kufunga fremu za jengo langu, nikawaita wapiga lipu. Akawazuia mlangoni.

“Acha Ufagio upite kwanza,” alisema, akiitaja dhoruba yetu ya Novemba. “Lipu ikishafunika, maji yataingia na hutajua yametokea wapi.”

“Usta, mnunuzi wangu anataka ukuta mweupe wiki hii. Wewe unaingoja mvua kama mchumba!”

“Mchumba huyu hana uongo, tajiri.”

Nilikubali kwa shingo upande, na mnunuzi akaenda kwa jirani. Dhoruba ilipofika, Atiya alipita ndani akipapasa chini ya kila dirisha. Katika chumba cha mwisho mkono wake ulitoka umelowa. Dirisha hilo alikuwa amelifunga yeye mwenyewe, si mafundi wake. Miaka yote aliwatukana kwa uzembe. Akaing’oa fremu mwenyewe, akabandika upya kitambaa cha lami, chini kwanza, kisha pembeni, juu mwisho, ili maji yateremkie nje.

Mnunuzi hakurudi. Atiya hakuwatukana tena wale mafundi. Nami sikumwita fundi mwingine hadi tulipomzika.