Elfu ya Zedi

Dirisha la Swabra halibishwi tena. Kwa miaka kumi na ushei, hapo Shika Adabu, Likoni, ndilo lililokuwa dirisha la kelele kuliko yote mtaani. Utingo wa matatu, muuza samaki, mchinjaji, hata mwalimu wa chuo akirudi nyumbani, wote walijua kugonga mara mbili na kusema, "Bi Swabra, nimekuletea Zedi." Sasa limepigiliwa mbao mbili, na chini yake kuku wa jirani wamechimba shimo la kulalia.

Zedi ilikuwa noti kama noti nyingine, ukiitazama kwa haraka. Karatasi ikiharibika inapochapwa hutolewa, na mahali pake huwekwa nyingine ya badala. Hiyo ya badala, namba yake huanza na herufi mbili za Z. Dukani hununua unga uleule kwa bei ileile, ndiyo maana watu wengi huipokea na kuitoa bila kujua wameshika nini. Swabra alijua. Alikuwa karani wa kaunta katika benki moja mjini tangu usichana wake, na vidole vyake vilizoea kusimama penye herufi hizo kabla macho hayajafika. Alipostaafu alianza kupika mahamri na mbaazi, na yeyote aliyemletea Zedi alipewa noti nyingine ya thamani hiyohiyo na sahani iliyojaa juu yake.

"Mama huyu ana wazimu wa karatasi," walisema, midomo imejaa mahamri yake.

Albamu yake ilikuwa na kurasa za hamsini, mia, mia mbili na mia tano, kila noti ndani ya mfuko wake wa plastiki, imenyooka kama shuka ya mgeni. Ukurasa wa elfu ulikuwa mtupu. Mtu aliyeshika elfu alikuwa na haraka nayo. Hakuileta dirishani kwa ajili ya mahamri. Swabra hakulalamika. Alisema atasubiri.

Aliyemharibia subira hiyo ni wifi yake. Ruwaida, dada wa mumewe Abubakar, alikuwa akija kutoka Kisauni kila Ijumaa, akiketi kitandani naye huku albamu iko magotini mwao. "Nifundishe, wifi," alisema. Swabra akamfundisha: ipi Zedi, ipi si Zedi, kwa nini noti haifuliwi wala haipigwi pasi hata ikiwa chafu, kwa nini mkunjo mmoja huishusha heshima yake. Leo Swabra akilisimulia hilo, hulitema kama mbegu ya ndimu.

Kwani Ruwaida hakutaka albamu. Alitaka soko. Alipata wanunuzi wa ng'ambo kupitia simu, watu asiowajua hata sura, na mara akaanza kuwapitia utingo na mchinjaji akiwapa mia mbili juu ya kila Zedi. Nani atakula mahamri tena? Na wakati huohuo watu wakazidi kulipana kwa simu, noti zikapungua mikononi, na zile chache zilizobaki zikaishia kwenye mkoba wa Ruwaida. Mwezi mzima ukapita dirisha likagongwa mara moja, na aliyegonga alikuwa akitafuta nyumba ya fundi wa mabomba.

Kisha ikaja ile Juni ya mwaka wa elfu mbili na kumi na tisa. Serikali ikatangaza noti mpya, na elfu kuukuu zikapewa hadi mwisho wa Septemba, baada ya hapo si fedha tena. Watu walikimbilia benki na elfu zao, Zedi na zisizo Zedi, zote zikaenda kuangamizwa pamoja. Abubakar, aliyekuwa mhudumu katika hoteli moja Shanzu, akarudi jioni moja akicheka peke yake. Swabra alipomuuliza, alisema, "Ngoja Idi Kubwa."

Hakuifikia Idi Kubwa. Moyo wake ulisimama kazini, mkononi ana sinia la glasi, mwezi huohuo.

Swabra akakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hatoki mlangoni ila kwa dharura. Chini ya kabati palikuwa na kopo la maziwa la Abubakar, alimowekea akiba. Swabra hakulifungua. Kwake ilikuwa aibu mjane kuchambua mali ya maiti kabla ndugu zake hawajaitazama kwa mirathi. Akalikabidhi kwa Ruwaida vivyo hivyo, kifuniko kimekaza, ampelekee benki kabla ya Septemba kwisha. Karani wa miaka thelathini akatoa kopo bila kutazama ndani! Ruwaida alirudi na elfu mpya arubaini na moja, na wazee wakazigawa kwa sharia, shilingi kwa shilingi. Hakuna aliyepunjwa.

Eda ilipokwisha, Swabra alitoa nguo za mumewe sadaka. Katika mfuko wa kanzu ya Ijumaa akakuta kipande cha karatasi, mwandiko wa Abubakar wa kulala upande: *Kwa Swabra, Idi Kubwa.* Chini yake namba tatu, zote zikianza na Z mbili.

Alimpigia Ruwaida simu. Kuhusu karatasi hakutaja. "Wifi, mlikuwa na Zedi katika kopo la kakako?"

"Wallahi sikuona. Nilizitoa, wakanipa mpya. Kwani we hukuzitazama?"

Swabra akakata simu. Alizikariri namba zile kama mtoto anavyokariri sura fupi, na kwa miaka mitano akawa anamsalimia wifi yake kwa ncha ya ulimi tu.

Desemba iliyofuata miaka hiyo mitano, binti yake Asmaa aliolewa. Alasiri ya pili ikawa ya wanawake, hema limefungwa mbele ya nyumba, mikeka imetandikwa, na mwimbaji Nana ameitwa kutoka Changamwe na wapiga ngoma wake. Ruwaida alikuja na dhahabu hadi kiwiko. Mpangaji wa mikeka alimweka safu ya pili, kwa amri ya Swabra. Shangazi wa bibi harusi, safu ya pili. Kila aliyekuwa na macho aliona.

Nana alipofika ubeti wa kumsifu bibi harusi, wanawake wakaanza kusimama kutuza. Huyu mia mbili, yule mia tano, noti zikibandikwa kwenye paji la uso wa mwimbaji na kuanguka katika beseni. Ruwaida alisubiri wote wakae. Ndipo akainuka, akacheza polepole hadi mbele, akatoa noti moja iliyofungwa katika plastiki na kuiweka mkononi mwa Nana.

"Hii moja," akasema kwa sauti ya kufika jikoni, "yazidi matuzo yenu yote. Muulizeni mamake bibi harusi, yeye ajua ni nini. Yeye ndiye asiye nayo."

Nana akaitoa kwenye plastiki, akaigeuza. Akaacha kuimba. "Elfu kuukuu? Bi Ruwaida, mimi waja kunituza maiti?"

Vicheko vikalipuka. Mwanatabu, jirani, akadakia, "Mzike, mwanangu, usije ukaozewa!"

Swabra hakucheka. Alikuwa ameshasimama. "Nana," alisema, "isome namba yake. Anza."

"Zedi zedi... sifuri, sifuri, nne..."

"Moja, tisa, tatu, saba," akamaliza Swabra, kutoka mbali, bila kuiona.

Nana akatazama noti, akamtazama yeye.

"Ni ya mume wangu," Swabra akasema. "Aliiandika kwa mkono wake kabla ya kufa, na nyingine mbili. Zilikuwa katika kopo. Ulizitoa mimi niko edani, kisha ukaapa kwa jina la Mungu."

Ruwaida hakuinamisha uso hata kidogo. "Kopo lilikuwa na elfu arubaini na moja. Zilirudi elfu arubaini na moja, tatu nikijazia zangu. Nani alidhulumiwa hapa? Asimame, tumuone."

Hakusimama mtu, na hiyo ndiyo iliyomuuma Swabra kuliko wizi. Fedha zilikuwa zimetimia.

"Nana, nipa hiyo noti," akasema.

"Tuzo halirudi nyuma!" Ruwaida akaingilia. "Ni la mwimbaji sasa. Inunue kwake, wifi. Na mimi pia nanunua, basi bei tutaitaja wawili hapahapa. Anza wewe."

Ndivyo alivyokusudia tangu alipotoka Kisauni: kumfanya mama wa bibi harusi apige mnada mbele ya mikeka yake mwenyewe. Lakini alisahau kwamba noti ilikuwa imekwisha kutoka mkononi mwake, na kwamba Nana alikuwa mtu, tena mtu aliyetuzwa karatasi isiyonunua hata kiberiti na kuchekwa juu yake.

"Mimi si duka la maiti," Nana akasema. Akaishika noti kwa pembe mbili na kuichana katikati. Vipande akavirusha miguuni mwa Ruwaida. "Yako hiyo. Ngoma!"

Hakuna aliyepiga. Swabra alitembea juu ya mikeka, akapiga magoti mbele ya wifi yake, mbele ya wanawake wote, akaviokota vipande kimoja kimoja. Ruwaida alicheka, lakini kicheko kilimtoka kikavu.

"Sasa haifai hata kufungia njugu. Ungeniambia, ningekuuzia nzima. Zile mbili nishauza zamani."

"Najua haifai," Swabra akasema kutoka chini. "Ndiyo maana hutaitaka tena."

"Na ukiinuka hapo, ukumbuke nyumba hii ni ya babangu."

"Naikumbuka. Kaeni nayo."

Asmaa alikuwa analia kwenye kiti chake, wanja ukimchirizika. Nana alikusanya beseni lake na wapiga ngoma wake, akaondoka bila kungoja kumaliziwa malipo. Majirani walisema baadaye kwamba Bi Swabra amejidhalilisha kwa vipande vya karatasi, na wengine bado wanasema hivyo. Yeye alingoja fungate ya bintiye iishe, siku saba kamili, kisha akampa Mwanatabu sufuria zake kubwa, akaziba dirisha kwa mbao kwa mkono wake mwenyewe, misumari ikipinda kwa hasira.

Ukurasa wa elfu sasa una noti. Nusu mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu, mpasuko katikati, na nyuma yake kile kipande cha karatasi cha Idi Kubwa. Hakuna mnunuzi ambaye angeitazama mara mbili.

Swabra anaishi Changamwe, katika chumba cha nyuma kwa Asmaa na mumewe. Anakaanga mahamri asubuhi na kuyauza mlangoni, na wengi wa wateja wake humlipa kwa simu.