Uji wa Aina Kumi na Tatu

Osward Kibona alikuwa fundi wa kuchomelea, na mageti yake yalijulikana Tunduma nzima kwa uzito. Geti la Osward halikufunguliwa na mtu mmoja. Wateja wakilalamika, aliwajibu kwamba walimwagiza geti, hawakumwagiza pazia. Alikuwa na imani moja katika kazi na katika maisha: kitu kikisumbua, ongeza chuma. Imani hiyo ilimlisha kwa miaka tisa. Mwezi Juni mwaka 2009 aliichukua akaingia nayo jikoni.

Aliyemsumbua safari hii alikuwa mwanawe, Blessing, mwenye miezi sita na nusu, meno mawili, na msimamo. Blessing alinyonya maziwa ya mama yake. Habari za chakula kingine hakutaka kuzisikia. Ukimpelekea kijiko alifunga mdomo kama dirisha la ofisi ya serikali saa tisa alasiri, na hata ubishe hodi namna gani hakufungua.

Mtoto kuchelewa kupenda uji si msiba. Lakini mkewe Osward, Jenista, alikuwa na barua. Alikuwa amepata nafasi katika chuo cha ualimu kilicho umbali wa siku nzima kwa basi, na barua ilimtaka aripoti tarehe sita Julai. Asiyeripoti, nafasi yake angepewa mwingine. Chuo hakikupokea watoto wachanga. Na hiyo ilikuwa nafasi ya pili. Siku ya kutoa mahari, Osward alisimama mbele ya wazazi wa Jenista akaahidi kwamba binti yao atasoma mpaka awe mwalimu. Nafasi ya kwanza ilipokuja, Jenista alikuwa mjamzito. Kwa hiyo ahadi aliivunja Osward mwenyewe, na ushahidi sasa ulikuwa umekaa kwenye mkeka unatema mate.

"Baba Blessing, nisikilize vizuri," Jenista alimwambia Jumamosi moja asubuhi. "Jumapili ya wiki ijayo ikifika mtoto hajala kwa mkono wa mtu mwingine, mimi sipandi basi. Siwezi kukaa darasani najifunza kufundisha watoto wa watu, wangu analia njaa."

"Atakula."

"Umeanza kusema hivyo mwanzo wa mwezi."

"Na mwezi haujaisha."

Aliyekuwa amekuja kumlea mtoto ni Gwantwa, dada yake mkubwa Osward, mjane kutoka Ikinga, huko milimani Ileje. Gwantwa alikuwa amelea watoto saba, watano wake na wawili wa kupewa, na hakuna aliyemshinda. Blessing alimshinda kwa siku tatu. Alimpikia uji mwepesi wa mahindi, mtoto akalia. Kilio cha kwanza Jenista alivumilia. Cha pili alisimama mlangoni. Cha tatu alikuwa ameshamchukua mtoto na kufungua vifungo vya blauzi.

"Wifi, ukimnyonyesha kila akipiga kelele, atakula lini?" Gwantwa aliuliza.

"Sasa nimwache afe?"

"Hafi. Anakucheka. Hebu mtazame."

Blessing, huku akinyonya, aliwatazama wote kwa jicho moja.

Osward aliamua kulishughulikia jambo hilo kitaalamu. Alikwenda kliniki kwenye somo la lishe. Walikuwa akina mama wapatao arobaini na mwanamume mmoja mwenye matobo ya cheche kwenye shati. Nesi alibandika ukutani picha za makundi ya vyakula: nafaka, jamii ya kunde, vya mafuta, vya kutoka kwa wanyama. Osward alitoa daftari lake la vipimo vya madirisha akaandika kila alichokiona pichani. Nyuma yake mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, kwa sauti ya kutosha kusikika hadi nje, "Huyu naye ananyonyesha?" Benchi zima likacheka. Osward akafunga daftari akaondoka. Aliondoka dakika tano kabla nesi hajasema jambo lenyewe lililomleta kila mtu pale: kwamba mtoto huanzishiwa chakula kimoja, laini, kidogo, na hicho hicho kwa siku kadhaa, kabla ya kuongezewa kingine.

Yeye alirudi na orodha. Kwa hesabu yake ya kifundi, ikiwa kila kundi linajenga mwili, makundi yote kwa mpigo yatajenga mwili imara zaidi. Alinunua mahindi, ulezi, mtama, mchele, ngano, mihogo mikavu, maharage, kunde, soya, karanga, ufuta na mbegu za maboga. Akasimama sokoni akafikiri. Akaona bado kuna upungufu. Akaongeza dagaa.

Mchana huo huo alikuwa kwenye foleni ya mashine ya Yonathani. Yonathani alikuwa na mashine ya kusaga na alikuwa pia mzee wa kanisa, na kazi zote mbili alizifanya akiwa amevaa tai. Alichungulia ndani ya ndoo ya Osward.

"Fundi, hiki ni chakula cha kuku?"

"Ni cha mwanangu. Lishe."

"Aina ngapi?"

"Kumi na tatu."

Mwanamke mmoja aliyevuka mpaka kutoka Nakonde na mahindi yake alishika kiuno akakataa kwa lugha ya kwao. "Awe! Kumi na tatu? Huyo mtoto mnamlisha au mnamzibia tumbo kwa zege?"

"Karanga na ufuta vina mafuta, fundi," Yonathani alisema. "Mashine itakataa."

"Mashine ni chuma. Chuma nakijua mimi. Weka."

Yonathani akaweka. Mashine ikasaga kidogo, ikaguna, ikatoa moshi wenye harufu ya dagaa, ikanyamaza. Chekeche lilikuwa limeziba kwa tope la karanga. Osward alivua shati akaingia kulikwangua mwenyewe kwa bisibisi, na wanawake kumi na wanane wakakaa juu ya ndoo zao kwa saa tatu wakimtazama. Hakuna aliyeondoka. Hata waliokuwa wameshasagiwa walirudi.

Uji wenyewe ulipikwa jioni. Ulikuwa na rangi ya udongo wa makaburini na ulisimama wenyewe kwenye kijiko. Yonathani, ambaye hakuwa na kinyongo, alikuja kuuombea. Aliomba kwa muda mrefu, akamkumbusha Mungu mana ya jangwani, akaomba mdomo wa mtoto huyu ufunguliwe. Mungu alijibu pale pale. Blessing akafungua mdomo, Osward akaingiza kijiko, na mtoto akapiga chafya. Vyote kumi na tatu vilitua kwenye tai ya mzee wa kanisa.

"Amina," Gwantwa akasema.

Jenista hakucheka. Alimchukua mtoto, akakaa naye pembeni, na asubuhi yake Osward aliiona barua ya chuo imeondolewa ukutani ilipokuwa imebandikwa, imekunjwa, imewekwa chini ya godoro. Alikwenda kazini akachomelea dirisha moja mara mbili.

Habari za mashine zilipanda basi la Ileje siku ya Jumatatu. Njiani zilikua. Zilipofika Ikinga, Osward Kibona alikuwa amevua nguo mbele ya wanawake mia mbili akiwa amebeba gunia la dagaa. Siku ya Ijumaa saa mbili asubuhi, baba yake, Mzee Yesaya, alisimama mbele ya geti akiwa na mkungu wa ndizi begani na uso wa mtu aliyekuja kuona kama mwanawe amerogwa.

"Hodi!"

Sauti ile ilimkuta Jenista uani akifua. Kwa watu wa milima ile, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Hawakai mahali pamoja, hawasemeshani, na wakikaribia kukutana njiani mmoja hujitupa vichakani. Kanisa lilikuwa limehubiri dhidi ya mila hiyo kwa miaka mingi, na waumini walikuwa wameitikia amina kwa miaka mingi, wakirudi nyumbani kwa njia za vichakani. Jenista alizaliwa huko huko. Alijitupia kanga kichwani, akapita jikoni, akaruka ua wa matete, akatua kwa jirani akiwa na kandambili moja. Mtoto alibaki mapajani kwa Gwantwa.

Mzee Yesaya aliingia, akavuta kigoda, akakiweka panapopata jua, yaani mbele ya geti kabisa. Njia ya Jenista ya kurudi ikawa imefungwa.

"Nimeambiwa umepanga foleni na wanawake," alimwambia Osward.

"Ndiyo, baba."

"Umebeba dagaa."

"Kidogo tu, baba."

"Nani amekuroga?"

"Hakuna, baba. Mtoto hali. Mama yake anatakiwa kwenda kusoma, na mtoto hali."

Mzee alisema tu kwamba yeye anakula, na kwamba hajala tangu Ileje. Gwantwa alimenya ndizi, akazichemsha, akaziponda kwa mgongo wa mwiko na kuzilainisha kwa maziwa, maana Mzee Yesaya alikuwa amebakiwa na meno matatu na hayakuelekeana.

Blessing alikuwa ameanza kulia. Kilio cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita. Cha tatu alikipiga kwa ufundi wake wote, akakatisha, akageuka kutazama mlango wa jikoni. Hakuna aliyetokea. Upande wa pili wa ua, Jenista alikuwa ameshika matete kwa mikono miwili, na jirani yake alikuwa amemshika yeye kiunoni.

"Niachie, analia."

"Utaingia hapo mkweo akuone? Na kichwa hakijasukwa?"

Ilipofika saa nne Blessing alikuwa na njaa ya kweli, pengine ya kwanza maishani mwake. Mzee Yesaya alikuwa ameketi mbele yake, bakuli magotini, anakula polepole, hamtazami mtu. Mtoto akanyamaza. Akalifuata bakuli kwa macho. Kijiko kikipanda, kidevu chake kikapanda. Kijiko kikishuka, kikashuka.

"Baba, mpe basi," Osward alisema.

"Nimpe chakula changu? Ameomba?"

Blessing akafungua mdomo.

Mzee akachovya kidole ndani ya bakuli. Osward akaruka. "Mikono, baba! Nesi amesema—"

"Nesi ndiye aliyekulisha wewe?"

"Baba, nawa," Gwantwa alisema, akaleta maji na kijiko kidogo kisafi, na kwa kuwa ni Gwantwa, mzee akanawa. Kisha akateka ndizi kiasi cha punje ya harage, akaiweka juu ya ulimi wa mjukuu wake. Mtoto akakunja uso. Akaisukuma nje. Akairudisha ndani. Akaitafakari. Akameza.

Blessing akapiga paja la shangazi yake kwa kiganja na kutoa ukelele wa mteja anayecheleweshewa chenji.

"Anataka tena!" Osward alisema. "Ngojeni, nilete unga wangu, tumchanganyie kidogo tu—"

"Osward, ukiufungua ule mfuko, utalala nje," Gwantwa alisema.

Akachukua kijiko badala ya mfuko. Blessing alikula vijiko vitano kwa mkono wa baba yake, akakataa cha sita, akalala.

Kwa jirani, ukimya ndio uliomtisha Jenista. "Mbona halii? Nenda ukachungulie." Jirani alikwenda, akarudi na kicheko.

"Anakula."

"Nani?"

"Mwanao. Ndizi. Analishwa na fundi."

Jenista alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, blauzi imelowa maziwa kifuani, akalia.

"Sasa unalia nini? Si ndicho ulichokuwa unakiomba?"

"Niache tu, mama. Niache."

Lakini Jenista aliweza kuhesabu. Siku zote walizojaribu, yeye alikuwepo, na mtoto alijua hivyo. Jioni, mzee alipokwenda kulala kwa Yonathani, alirudi nyumbani akamwambia mumewe, "Mwombe baba akae mpaka siku ya safari."

"Utaishi kwa jirani wiki nzima?"

"Saa za kula tu. Akiwepo yeye, siwezi kuja hata nikitaka."

Osward alimwomba. Mzee Yesaya alisema ana ng'ombe, ana migomba, na Tunduma ina vumbi na watu wasiosalimia. Akakaa. Kila saa ya chakula alitoa kigoda chake mbele ya geti, na Jenista akaruka ua. Siku ya Jumapili aliyokuwa ameiweka kuwa ya mwisho, Blessing alikula mara tatu, na Jenista akaitoa barua chini ya godoro akaipiga pasi.

Siku ya safari Osward alitangulia na sanduku la bati kichwani. Ilikuwa lazima kupita getini. Mzee Yesaya akageuza kigoda akaelekea ukuta, mjukuu magotini, bakuli mkononi. Jenista akapita nyuma yake, amejifunika kanga, anatembea kwa vidole.

"Blessing," mzee aliuambia ukuta, "mwambie mama yako, babu amesema asome. Asisome nusu. Tumehangaika."

Jenista hakuruhusiwa kujibu. Alikohoa mara moja, taratibu. Mtoto akageuka kutazama kikohozi kilikotoka, shavu limejaa ndizi.

Jenista hakusimama. Alimfikia Osward barabarani nje ya geti, alikokuwa amegeuka kuwatazama, basi likiwa limeshawasha injini.

"Amenitazama?"

"Amekutazama."

"Halafu?"

Osward hakujua kudanganya. "Halafu akarudia kijiko."

Jenista akauma ncha ya kanga. Akatikisa kichwa, akashika chuma cha mlango wa basi, na mguu ukabaki chini.

"Nisukume," alisema. "Nisukume nipande kabla sijaghairi."

Osward akamsukuma.