Raoudha Aliyebomoa Kamera Yangu

Simpendi Raoudha Jallouli. Nalisema mapema ili asije mtu akadai nimemzunguka. Miaka minne tulikaa chumba kimoja cha ofisi hapa Sfax, njia ya Gremda, kilomita ya tatu, ghorofa ya pili, meza yake dirishani na yangu mlangoni, na hatujawahi kunywa kahawa pamoja hata siku moja.

Alikuja kwetu akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, kofia ya pikipiki kwapani, koti la kijivu majira yote. Baba yake alikuwa fundi wa mashine za kukamua zeituni, na yeye alishika spana kabla ya kushika kalamu. Mara moja tu alitusimulia kwamba alipokuwa na miaka kumi alifungua mashine ya baba yake, akaifunga tena, kikabaki chuma cha kilo mbili sakafuni, na mashine ikakamua vizuri kuliko mwanzo. Mimi siiamini hadithi hiyo hata chembe. Wenzangu walicheka, na mimi nikajua tumeletewa balaa.

Ofisi yetu inatengeneza mfumo endeshi wa kompyuta za mashule. Kazi yangu mimi, Lassaad Ellouze, ilikuwa kamera isiyokuwepo. Msiniangalie hivyo, ni kitu rahisi. Programu ya masomo ikiuliza kompyuta, "Una kamera?", kiendeshi changu, yaani programu ndogo inayokisemea kifaa, hujibu, "Ninayo." Hakuna kamera wala kioo. Kuna msimbo tu, unaopokea picha kutoka kwingine na kuzitoa kana kwamba zimepigwa papo hapo. Wanaoitumia zaidi ni shule za viziwi. Mwalimu anafundisha akiwa Tunis, mkalimani wa lugha ya alama anakaa chumba chake hapa Sfax, kiendeshi kinaziunganisha picha zao mbili, na mwanafunzi anaona mwalimu na mikono ya mkalimani pamoja.

Nilikiandika nikiwa na miaka thelathini, sijaoa, na nina hamu ya kujenga. Nikajenga tabaka tano. La kwanza lilipokea picha, la pili likazipanga foleni, la tatu likakagua, la nne likabadilisha umbo, la tano likakabidhi. Kila tabaka lilinakili picha upya kabla ya kuipeleka juu. Mistari elfu sita na mia mbili. Kwa miaka kumi na moja mimi ndiye niliyekuwa mtunzaji wake, yaani hapakuingia herufi ndani yake bila ruhusa yangu. Sina kitabu nilichoandika wala nyumba niliyojenga. Nilikuwa na hicho.

Taabu ilianza na Sihem Gargouri, mkalimani mwenyewe. Alipanda ngazi zetu mwezi wa Machi, akasimama mlangoni, akaanza kupayuka kabla hata ya kusalimia.

"Mikono yangu inachelewa! Mwalimu ameshafuta ubao, mimi kwenye skrini bado niko kwenye hesabu ya kwanza. Watoto wanadhani mimi ndiye zezeta. Mtihani wa kumaliza shule ni Juni, jamani. Mnataka wafeli?"

Mkurugenzi wetu, Si Mondher (kwetu Tunisia "Si" ni "Bwana"), ambaye huchukia makelele kuliko hasara, alitutazama mmoja mmoja. Macho yake yakamkalia Raoudha.

"Bi Raoudha, kiangalie hicho kiendeshi. Kipunguze."

"Si Mondher, hicho ni changu," nikasema.

"Najua ni chako. Ndiyo maana sijakupa wewe." Akafuta miwani yake. "Toleo litakaloanza kazi kwenye masomo ya marudio mwezi wa Mei, mwenye toleo hilo ndiye atakayekuwa mtunzaji. Basi, tumemaliza."

Mbele ya Sihem, mbele ya kila mtu. Nilihisi nimevuliwa nguo.

Raoudha hasomi msimbo kwenye skrini kama binadamu wengine. Aliuchapisha wote, kurasa mia moja na kitu, akauweka mezani pembeni ya mkate wa shayiri na kopo lake la mafuta ya zeituni, akaanza kukata kwa kalamu nyekundu. Siku nzima nilisikia karatasi ikikwaruzwa. Alikuwa na tabia moja iliyonitia kichaa: kila alipokata ukurasa mzima alisema "haya, kwaheri," polepole, kama anayemsindikiza mgeni asiyemtaka.

"Unaona raha, mama?" nilimuuliza siku ya tatu.

"Sana. Hapa umenakili picha ile ile mara tano, Si Lassaad. Mara tano! Ulikuwa unaogopa itapotea njiani?"

"Nilikuwa nafikiria mbele. Siku moja tungeweza kuhitaji..."

"Siku gani? Nitajie tarehe. Miaka kumi na moja hiyo siku haijafika, imekwama kituo gani?"

Chumba kizima kikacheka. Nikajitia kuangalia simu.

Wiki ya pili alikuja mezani kwangu na karatasi moja. Ilikuwa sehemu ya tabaka la tatu, kipande kidogo ambacho, kabla picha yoyote haijafika, kilikuwa kinatoa picha tupu ya kijivu.

"Hii ni ya nini?" akauliza. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na dharau. "Haina maelezo hata neno moja. Naona inatoa picha ya uongo, basi. Kuna sababu?"

Ukweli ni kwamba sikukumbuka. Nilikiandika mwenyewe, kwa vidole hivi, na sikuwa na habari kwa nini. Maelezo sikuandika kwa sababu wakati ule niliona anayehitaji maelezo hastahili kugusa kazi yangu. Sasa ningemwambiaje kwamba nimesahau?

"Soma msimbo, bibie," nikamwambia. "Kila kitu kimo humo."

Akaikunja karatasi. "Umesahau."

"Nimesema soma."

"Haya," akasema, akarudi mezani kwake, na nikasikia kalamu ikipita. "Kwaheri."

Mwisho wa Aprili kazi yake ilikuwa tayari. Tabaka moja, mistari mia saba. Tuliijaribu ofisini, kompyuta inayotuma picha na inayopokea zikiwa juu ya meza moja, na mikono ya Sihem ilikwenda sambamba na midomo ya mwalimu. Sihem alimbusu Raoudha mashavu yote mawili. Si Mondher akasema toleo jipya liwekwe mashuleni Jumatatu, siku ya kwanza ya marudio. Mimi nikasema hongera, nikarudi mezani kwangu.

Jumamosi nilikuwa nyumbani peke yangu. Mke wangu alikuwa kwa dada yake, na mimi nilikuwa nikipekua madaftari ya zamani, nikitafuta chochote cha kumkosoa, sitaficha hilo. Nikakuta daftari la mwaka ule nilipokwenda mwenyewe kufunga kiendeshi kwenye shule ya kwanza ya viziwi. Kwenye ukurasa mmoja niliandika: programu ya masomo huuliza kamera mara moja tu, inapofunguka. Isipopewa picha hapo hapo huiondoa kamera kwenye orodha, na haiulizi tena. Picha za mbali huchukua sekunde tatu nne kufika. Toa picha tupu kwanza.

Ndiyo ile picha ya kijivu. Ofisini picha ilifika papo hapo, kwa hiyo kosa halikuonekana. Shuleni lingeonekana, tena kila programu ikifunguliwa upya lingerudi vilevile.

Nililijaribu toleo jipya kwenye kompyuta mbili za nyumbani, na kweli, kamera haikuonekana. Nikakaa nikaandika dawa yake ndani ya toleo la Raoudha. Mistari kumi na mmoja. Niliihifadhi kwenye kompyuta yangu na kuifunga, nikaenda kujipikia mayai.

Ningeweza kumpigia simu. Namba yake ninayo. Jumapili yote simu ilikuwa mfukoni, nami nikajitia hamnazo. Nilimwona akilini amesimama mbele ya Si Mondher na kalamu yake nyekundu, hana la kusema, na nitasema ukweli, picha hiyo ilinipa raha ambayo sijaipata kwa miaka.

Jumatatu niliingia saa tatu asubuhi na kahawa mkononi. Chumba kilikuwa kinawaka moto. Shule tatu zilikuwa gizani. Raoudha alikuwa amesimama, simu mbili masikioni, koti lake limelowa jasho mgongoni.

"Zimeni muwashe tena... Bado? Hapana, msiguse kebo. Bado?"

Si Mondher alikuwa nyuma yake. "Bi Raoudha, wanafunzi arobaini wanakodolea skrini nyeusi. Ulisema ni tayari!"

"Ilikuwa tayari, Si Mondher. Hapa inafanya kazi, tazama mwenyewe!"

"Hapa hakuna viziwi!"

Nilikunywa kahawa yangu. Niliinywa polepole, na niliitazama saa ya ukutani ikimaliza dakika arobaini. Sihem aliingia akihema, ametoka mbio chumbani kwake mtaa wa pili, akaketi bila kuambiwa. Hakupayuka safari hii. Alisema tu kwamba somo la hisabati limekwisha na hawakuona neno lolote, na halitarudiwa.

Hapo nikainuka.

"Naona tatizo," nikasema. "Nipeni dakika mbili."

Nilifungua kompyuta, nikachukua ile mistari yangu kumi na mmoja, nikaituma. Zilipita dakika tatu. Simu ya kwanza ikaleta kelele za furaha, ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Si Mondher alinishika bega.

"Si Lassaad! Mungu akuweke. Nilijua. Nilikosea kukuondolea, kiendeshi chako nakurudishia leo hii."

Nikamtazama Raoudha. Alikuwa ameketi, anasoma nilichotuma, uso karibu na skrini. Nilidhani anaona haya, nami nilikuwa nimeshaandaa sentensi nzuri ya kumsamehe nayo.

"Si Mondher," akasema, "njoo usome hapa."

"Nini tena?"

"Soma tu."

Daftari letu la mabadiliko, lile lililomo ndani ya kompyuta, huonyesha maelezo mafupi ya mwandishi, na huandika lenyewe jina lake na saa aliyoandika msimbo. Si saa aliyoutuma. Wenzangu wote niliwafundisha mimi kulitumia, na jambo hilo nililisisitiza kila mara.

Si Mondher alisoma kwa sauti, kwa sababu husoma kila kitu kwa sauti. "Lassaad Ellouze. Jumamosi, saa kumi na dakika kumi na saba alasiri. Kurudisha picha tupu, bila hiyo shule hazitaona kamera." Akasoma tena, midomo tu.

"Jumamosi," Raoudha akasema.

"Nilikuwa najaribu tu," nikasema. "Sikuwa na hakika..."

"Umeandika *hazitaona*."

Sihem aligeuka. Huyu mama kazi yake ni kutazama nyuso za watu, na nafikiri aliyaona yote kwenye wangu kabla sijafungua mdomo.

"Ulikuwa unakunywa kahawa," akaniambia. "Naingia hapa, wewe unakunywa kahawa."

Nikakisukuma kikombe nyuma ya kompyuta.

Hawakunifukuza. Si Mondher alinihamishia kwenye mashine za kuchapisha, chumba cha nyuma, na mtunzaji wa kamera ni Raoudha. Bado simpendi. Siku ile ile, kabla ya adhuhuri, aliingiza mistari yangu yote kumi na mmoja bila kugusa herufi, na juu yake akaandika maelezo ya kwa nini ipo. Si Mondher alimwambia angeweza kuiandika upya kwa jina lake mwenyewe, afute la kwangu, mambo yaishe.

"Hapana," akamjibu. "Ni kazi yake. Iache na tarehe yake."

Imo humo mpaka leo, katika kila shule, na kila anayejifunza kazi ofisini kwetu huanza kwa kuisoma.